Ubaguzi wa Kijinsia Ughaibuni, Kazini na Safarini: Mwongozo Kamili wa Kujilinda na Kudai Haki

Mtu akikubagua ukiwa kwenu, una pa kwenda. Una ndugu, unajua kituo cha polisi kilipo, na lugha ya kulalamikia unayo. Ughaibuni mambo hugeuka. Anayekubagua huenda ndiye aliyekuombea kibali cha kazi, ndiye mwenye nyumba unayolala, na pengine pasipoti yako iko kwenye kabati lake. Ndiyo maana ushauri wa "jikaze, sema hapana" hautoshi. Anayesema hapana husikilizwa pale anapoweza kuondoka kesho yake asubuhi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali, kabla hujakata tiketi, na sehemu yake kubwa ni habari za karatasi, tarehe na mahali pa kulala.

Nimewaandikia zaidi wanawake kwa sababu wao ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa jambo hili. Lakini mwanamume aliyenyimwa kazi ya kulea watoto au ya uuguzi kwa sababu tu ni mwanamume naye amebaguliwa, na hatua ni hizi hizi.

Hatua ya 1: Jua ni sheria zipi zinakuhusu

Anayefanya kazi nje ya nchi yake huwa chini ya sheria zaidi ya moja. Kuna sheria ya nchi anakofanyia kazi, na hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa. Kuna mkataba wake, ambao unaweza kusema kwamba mgogoro utaamuliwa kwa sheria ya nchi nyingine kabisa. Kisha kuna sheria ya kwao mwajiri. Marekani, kwa mfano, ilirekebisha sheria zake mwaka 1991 ili raia wake wanaofanyia kampuni za Kimarekani kazi ng'ambo waendelee kulindwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Na anayefanya kazi ndani ya Marekani hulindwa na sheria hiyo hata kama si raia.

Juu ya hizo kuna mikataba ya kimataifa. Ule wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979 na ukaanza kutumika 1981. Kwa mfanyakazi, wa kuujua zaidi ni Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Uzuri wake ni upana wake. Unahesabu kuwa ni eneo la kazi safari ya kikazi, mafunzo, tafrija ya ofisi, njia ya kwenda na kurudi kazini, nyumba uliyopewa na mwajiri, hata ujumbe unaotumiwa kwenye simu. Unamlinda pia anayeomba kazi, anayejitolea, aliye kwenye mafunzo ya vitendo, na aliyekwisha kuachishwa. Bosi anayekugongea mlango wa hoteli usiku mkiwa safarini hawezi kusema hayo ni mambo ya nje ya kazi.

Ila tofautisha nchi iliyotia saini na nchi iliyoridhia. Marekani ilitia saini mkataba wa wanawake mwaka 1980 na mpaka leo haijauridhia. Tovuti ya Shirika la Kazi Duniani ina orodha ya nchi zilizoridhia kila mkataba wake, na Benki ya Dunia hutoa ripoti inayopima sheria zinazowahusu wanawake na kazi katika nchi na maeneo 190: mshahara, uzazi, uhuru wa kusafiri, ndoa. Ukikaa na vyanzo hivyo viwili jioni moja utajua nchi unayoiendea imesimama wapi.

Kisha soma sheria zinazogusa mwili na maisha binafsi, maana hizo ndizo zinazowakuta watu bila taarifa. Nchini Iran mwanamke anatakiwa na sheria kufunika nywele, mgeni na mwenyeji sawa. Saudi Arabia ilianza kuwaruhusu wanawake kuendesha magari Juni 2018, na tangu 2019 watalii wa kike hawalazimiki kuvaa abaya, ingawa mavazi ya staha yanatakiwa. Nchini Qatar uhusiano wa kimwili nje ya ndoa ni kosa la jinai. Mimba, kuharibika kwa mimba, na hata kuripoti kubakwa vinaweza kugeuzwa kesi dhidi ya mwanamke mahali penye sheria ya namna hiyo, na nitalirudia jambo hili chini kwa sababu ni zito.

Jihadhari na habari za miaka kumi iliyopita. Sheria hizi zinabadilika haraka, mara nyingine kwa heri, mara nyingine kwa shari.

Hatua ya 2: Usaili na mkataba

Ubaguzi mwingi hujionyesha kabla hata ya kuajiriwa. Umeolewa? Una mpango wa kuzaa? Mumeo anaridhia usafiri? Ukiulizwa hivyo huna haja ya kugombana. Jibu linalofaa ni lile linalorudisha mazungumzo kwenye kazi: "Ratiba ya safari niliyoiona kwenye tangazo naimudu kikamilifu. Je, kuna jambo jingine la kazi yenyewe mngependa kulijua?" Kisha ukitoka, andika swali lilivyoulizwa na jina la aliyeuliza. Ukikosa kazi, maandishi hayo ndiyo mwanzo wa ushahidi.

Kuhusu mshahara, usitaje ulichokuwa ukilipwa zamani. Mshahara wa zamani uliobanwa na ubaguzi hukufuata hadi kazi mpya. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: sheria yake ya uwazi wa mishahara ya mwaka 2023 inamkataza mwajiri kuuliza mshahara wa awali, inamtaka amwambie mwombaji kiwango cha malipo mapema, na inampa mfanyakazi haki ya kujua wastani wa wanaume na wa wanawake wanaofanya kazi ya thamani moja na yake. Nchi wanachama zilipewa hadi Juni 2026 kuiingiza kwenye sheria zao.

Mkataba wenyewe usome katika lugha unayoielewa, na pale penye nakala mbili za lugha mbili, uliza ni ipi itakayotawala zikipingana. Tafuta cheo chako kilivyoandikwa. Watu wengi wameahidiwa uhasibu wakafika wakaambiwa ni mapokezi, au wameahidiwa uuguzi wakakuta wanapika na kufua. Angalia kama orodha ya majukumu imo ndani ya mkataba au imeachwa kwenye maneno ya mdomo. Angalia kuna nini kuhusu ujauzito: baadhi ya nchi hupima mimba wanawake wa kazi fulani kabla ya kutoa kibali, na zipo kampuni zinazoandika kwamba ujauzito unavunja mkataba. Ukikutana na kifungu cha namna hiyo, onyesha wakili au chama cha wafanyakazi kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Wakala akikutoza pesa ili akupatie kazi, simama kwanza. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Deni la wakala ndilo linalomfanya mtu avumilie kushikwashikwa kwa sababu hajamaliza kulipa.

Hatua ya 3: Vitu vinne vibaki mikononi mwako

Ningelazimika kuchagua hatua moja tu katika mwongozo huu, ningechagua hii.

Pasipoti. Kuzuiwa hati za utambulisho ni miongoni mwa dalili 11 za kazi ya kulazimishwa zilizoorodheshwa na Shirika la Kazi Duniani. Mwajiri anaweza kuihitaji kwa siku chache ili kibali kishughulikiwe. Mpe, chukua stakabadhi yenye tarehe ya kurudishiwa, na siku hiyo ikifika iulizie. Picha za kurasa zote muhimu, viza, mkataba na kibali ziweke kwenye barua pepe yako binafsi na kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.

Simu. Laini iwe ya jina lako na malipo yake yatoke mfukoni mwako. Simu ya kampuni ni ya kampuni. Siku utakayosimamishwa kazi itachukuliwa pamoja na kila ujumbe uliomo.

Nauli ya kurudi. Iwe akaunti ambayo mwajiri, mume, wala wakala hawezi kuifikia. Usiiguse kwa dharura nyingine yoyote, hata ndugu wakipiga simu wakilia shida.

Mahali pa kulala usiku mmoja au miwili. Kabla hujahitaji, jua hoteli ndogo au hosteli iliyo karibu, jua kama kuna jumuiya ya watu wa kwenu au nyumba ya hifadhi ya wanawake, na jua namba ya ubalozi ya saa zisizo za kazi. Nyumba ikiwa ya mwajiri, kumkasirisha mwajiri ni kukosa paa. Hilo watu huligundua saa nne usiku wakiwa na begi mlangoni.

Hatua ya 4: Njiani, hotelini na mpakani

Hapa niseme machache. Mhudumu wa mapokezi akitamka namba ya chumba chako kwa sauti watu wakisikia, omba chumba kingine palepale: "Samahani, namba imesikika. Naomba chumba kingine, na tafadhali niandikie namba kwenye karatasi." Ni ombi la kawaida, na mapokezi wenye uzoefu hawalishangai. Hoteli ikikataa kumpokea mwanamke aliye peke yake, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kisingizio huyeyuka kalamu ikitajwa.

Ndani ya ndege, ukiombwa kuhama kiti kwa kuwa abiria wa pembeni hataki kukaa na mwanamke, huna wajibu wa kuhama. Mwaka 2017 mahakama moja ya Jerusalem iliamua, katika kesi ya Renee Rabinowitz dhidi ya shirika la El Al, kwamba wafanyakazi wa ndege hawaruhusiwi kumwomba abiria ahame kwa sababu ya jinsia yake. Mama huyo alikuwa na zaidi ya miaka 80 alipoifungua kesi hiyo.

Mama anayesafiri na watoto wenye jina tofauti la ukoo abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba, au hati ya mahakama ya malezi. Maofisa wa mipakani huuliza, na maelezo matupu hayatoshi. Mjamzito naye abebe barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, kwa kuwa mashirika mengi ya ndege huidai, na mengi hayambebi mwenye mimba ya mtoto mmoja iliyopita wiki ya 36.

Upekuzi wa mwili ni jambo jingine. Oktoba 2020, uwanja wa ndege wa Doha, wanawake walitolewa ndani ya ndege na kufanyiwa uchunguzi wa sehemu za siri bila ridhaa yao, baada ya kichanga kukutwa kimetelekezwa. Serikali ya Qatar iliomba radhi. Ukijikuta katika hali ya namna hiyo, tamka mambo matatu hata kama sauti inatetemeka: sikubali, nataka kujua sababu na sheria inayotumika, nataka kuzungumza na ubalozi wangu. Huenda wasikusikilize. Lakini kutamka kwamba hukuridhia kutasimama katika kesi baadaye.

Hatua ya 5: Pambanua unachokipitia

Si kila bosi mkali anabagua. Wapo wanaomfokea kila mtu. Swali la kujiuliza ni hili: je, mwanamume mwenye cheo na kazi kama yangu anatendewa hivi? Ukimkuta analipwa zaidi kwa kazi ileile, anapelekwa mafunzo wewe ukiachwa, anaitwa kwa cheo chake wewe ukiitwa "mrembo", hapo una kitu.

Kuna ubaguzi wa wazi na kuna ule wa kanuni inayoonekana ya wote lakini inamwumiza mwanamke zaidi: vikao vyote kupangwa usiku, vyeo kutolewa kwa waliofanya kazi miaka mitano mfululizo bila likizo, vifaa vya kujikinga kuletwa kwa saizi za wanaume tu. Katika sheria za nchi nyingi aina hii ya pili ni ubaguzi pia, hata kama aliyeiweka kanuni hakukusudia ubaya. Kisha kuna unyanyasaji wa kingono, na kuna rushwa ya ngono, ambapo cheo, zamu nzuri au kuongezewa mkataba hufungwa kwenye mwili wako. Hizo usizipunguze ukaziita mzaha wa utamaduni wa wenyeji. Waulize wanawake wenyeji wa hapo. Wao ndio wanaojua nini ni desturi na nini ni uchafu unaojificha nyuma ya desturi.

Hatua ya 6: Jibu palepale, kama pana usalama

Yale madogo ya kila siku hujibiwa kwa maneno machache na sauti ya kawaida. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila kikao kilipoanza macho yote yalinigeukia mimi, kwa chai na kwa kuandika kumbukumbu, ingawa bajeti iliyokuwa mezani niliiandaa mimi. Sentensi iliyonisaidia ni hii: "Leo ndiye ninayewasilisha bajeti, kwa hiyo kumbukumbu aandike mwingine, na wiki ijayo tupeane zamu." Inafanya kazi kwa sababu inampa mkubwa njia ya kutokea bila kuaibika, na inaweka utaratibu badala ya ugomvi.

Kwa maneno ya kudhalilisha, mrudishie msemaji mzigo wake: "Sijaelewa. Unamaanisha nini?" Mtu akilazimika kufafanua kejeli mbele ya watu, huwa hana hamu ya kuirudia. Kwa mikono isiyo na adabu, iwe fupi: "Usinishike." Bila samahani, bila tabasamu.

Mkiwa wawili tu ndani ya gari au ofisi imefungwa, usianze mabishano. Ondoka kwanza. Utajibu kwa maandishi.

Hatua ya 7: Andika siku hiyohiyo

Maandishi ya "Bosi leo alinidharau tena" hayasaidii mahali popote. Linganisha na haya:

"Jumanne 14 Mei, 15:20, chumba cha mikutano ghorofa ya pili. Waliokuwepo: mimi, meneja wa mradi, msimamizi wa zamu, mhandisi mgeni. Niliomba kwenda kukagua eneo la kazi. Meneja akasema: 'Wewe baki ofisini, huko hakumfai mwanamke.' Akampa ukaguzi msimamizi wa zamu, aliyeajiriwa baada yangu. Nikasema ukaguzi umo kwenye mkataba wangu. Hakujibu. Saa 15:40 nilimtumia barua pepe kuuliza ni nani atakayekagua."

Hapo kuna siku, mahali, mashahidi, maneno yenyewe, hatua uliyochukua, na madhara uliyopata. Saa ziandike kwa mfumo wa nchi uliyopo, kwa sababu saa tisa yako ya alasiri itasomwa na ofisa wa huko kuwa ni asubuhi. Usiandike hisia nyingi. Ukilia, ukikosa usingizi au ukienda kwa daktari, weka tarehe na risiti.

Baada ya mazungumzo ya mdomo, tuma barua pepe fupi ya upole: "Nathibitisha tuliyozungumza leo, kwamba safari ya ukaguzi nimeondolewa na nafasi amepewa mwenzangu. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Asipojibu, kimya chake kinakusaidia. Akijibu, una maandishi.

Tahadhari mbili. Kwanza, usijitumie nyaraka za siri za kampuni kwenye barua pepe yako binafsi. Wengi wamefukuzwa kwa kosa hilo na kesi yao ya ubaguzi ikafifia. Chukua zinazokuhusu wewe: mkataba, hati za mshahara, tathmini za utendaji, ujumbe ulioandikiwa wewe. Pili, kurekodi sauti kwa siri si halali kila mahali. Ujerumani ni kosa la jinai kurekodi maneno ya faragha bila ridhaa ya msemaji, na California, Marekani, mazungumzo ya siri hayarekodiwi mpaka wahusika wote wakubali. Hakikisha kwanza.

Hatua ya 8: Angalia kalenda kabla ya kulalamika

Haki nyingi za ubaguzi hupotea kwa kuchelewa. Mwathirika husubiri amalize mkataba, au husubiri uchunguzi wa ndani uishe, na mlango wa mahakama umekwisha kufungwa.

Marekani, lalamiko kwa tume ya serikali ya fursa sawa za ajira hupelekwa ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake. Ujerumani, mdai humwandikia mwajiri ndani ya miezi 2. India, chini ya sheria ya mwaka 2013 ya unyanyasaji wa kingono kazini, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi lazima awe na kamati ya ndani, na lalamiko hupelekwa ndani ya miezi 3. Afrika Kusini mgogoro wa ubaguzi kazini hupelekwa kwenye usuluhishi ndani ya miezi 6. Uingereza kikomo kwa miaka mingi kimekuwa miezi 3 kasoro siku moja, na lazima kwanza upitie usuluhishi. Angalia kikomo cha sasa siku unayoanza, maana hubadilishwa.

Kisa cha Lilly Ledbetter kinafundisha hili kwa uchungu. Alifanya kazi kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Alabama kwa karibu miaka 20, na karibu na kustaafu akaletewa kikaratasi kisicho na jina kinachoonyesha kwamba wanaume wenye cheo chake walilipwa zaidi. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, ikisema alipaswa kudai ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumlipa pungufu ulipotolewa. Ilibidi bunge litunge sheria yenye jina lake mwaka 2009 ili kila mshahara pungufu uhesabiwe kuwa ubaguzi mpya. Yeye mwenyewe fidia ile hakuipata.

Kwa hiyo jipangie: siku tukio linapotokea, andika pia tarehe ya mwisho ya kudai.

Hatua ya 9: Peleka lalamiko

Kabla ya kuandika, amua unachotaka. Unataka tabia ikome ubaki kazini? Unataka kuhamishwa idara? Tofauti ya mshahara? Au unataka kuondoka na barua nzuri na malipo yako yote? Asiyejua anachotaka hupewa kile mwajiri anachotaka kutoa, ambacho kwa kawaida ni kikao kirefu na ahadi.

Barua iwe ukurasa mmoja au miwili. Eleza matukio kwa tarehe, taja kifungu cha sera ya kampuni au cha sheria kilichovunjwa, sema unachoomba, weka siku ya kutaka jibu. Tumia neno "ubaguzi wa kijinsia" waziwazi; ukiandika tu kwamba hukufurahishwa, sheria inayomlinda mlalamikaji dhidi ya kisasi huenda isikuhesabu kuwa mlalamikaji. Kwenye kikao nenda na mtu: mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mwenzako, au mkalimani wako mwenyewe. Usikubali kutafsiriwa na mtu wa upande wa pili.

Idara ya rasilimali watu inalipwa na kampuni. Wamo humo watu wema, ila kazi yao ya kwanza ni kuilinda kampuni, na ukilijua hilo utazungumza nao vizuri zaidi.

Ukiletewa makubaliano ya kumaliza shauri, hasa yenye sharti la kunyamaza, usisaini siku hiyo. Na usikimbilie mitandaoni ukiwa bado nchini humo. Korea Kusini mtu anaweza kushtakiwa kwa kumchafulia mwingine jina hata kama aliyoyasema ni kweli, na katika nchi kadhaa za Ghuba ujumbe mmoja wa matusi mtandaoni unaweza kukufikisha kizuizini.

Lugha ya sheria ikikusumbua, jua kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya mzigo wa kuthibitisha hugawanywa. Wewe ukionyesha mambo yanayoashiria ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Daftari lako la Hatua ya 7 ndilo linalofanya kazi hiyo.

Hatua ya 10: Kibali kikifungwa kwa mwajiri

Hofu kuu ya wengi ni hii: nikilalamika nitafutwa, nikifutwa kibali kinakufa, kibali kikifa nafukuzwa nchini. Uliza swali hilo kwa wakili wa uhamiaji au shirika la wahamiaji kabla ya kupeleka barua, kwa sababu baadhi ya nchi zimeweka njia. Canada ina kibali cha wazi kwa wafanyakazi wanaonyanyaswa au walio hatarini kunyanyaswa, tangu Juni 2019. Aliyenacho huruhusiwa kutafuta mwajiri mwingine. Australia ilianza mwaka 2024 kujaribu viza ya muda kwa wanaodai haki zao za kazi. Marekani ina viza maalumu kwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu na wa makosa fulani ya jinai, chini ya sheria ya mwaka 2000. Qatar ilifuta mwaka 2020 sharti la kuomba idhini ya mwajiri ili kuhama kazi, ingawa utekelezaji umelalamikiwa sana.

Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe bila kuchelewa. Iombe kwa jina, mara nyingi kadiri inavyohitajika. Ubalozi hauwezi kukutoa jela wala kukusimamia kesi, lakini unaweza kukutembelea, kukupa orodha ya mawakili, kuwajulisha ndugu, na kukupa hati ya dharura ya kusafiria.

Kwa wafanyakazi wa majumbani

Dada anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu hana ofisi ya rasilimali watu wala shahidi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema ana haki ya kubaki na pasipoti yake, kupata mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kutolazimishwa kukaa ndani siku yake ya mapumziko. Nchi nyingi bado hazijauridhia, kwa hiyo jilinde kwa vitendo. Panga na mtu wa nyumbani siku na saa ya kupiga simu, na neno la kawaida litakalomaanisha "kuna hatari, piga ubalozi". Mtumie eneo lako la ramani siku ileile ya kwanza unapofika. Walinzi na ndugu wengi hushindwa kusaidia kwa kuwa hawajui nyumba ilipo. Omba chumba chenye komeo la ndani.

Hata mwajiri mwanadiplomasia si lazima awe nje ya mkono wa sheria. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kinga ya kidiplomasia haimfuniki anayemnyonya mfanyakazi wa ndani kwa kumweka katika hali ya utumwa wa kisasa.

Ukishambuliwa kingono

Pata usalama kwanza, kisha hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba haviendi zaidi ya siku 5. Ukiweza usioge kabla ya kupimwa, na nguo uliyokuwa umevaa iweke kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki huozesha ushahidi.

Kuhusu polisi, katika nchi nyingi nenda mapema. Lakini mahali ambapo uhusiano nje ya ndoa ni jinai, zungumza na ubalozi na wakili kabla ya kutoa maelezo. Mwaka 2013 mwanamke wa Norway aliyekuwa Dubai kikazi aliripoti kubakwa, akahukumiwa yeye miezi 16 jela kwa uhusiano nje ya ndoa, kutoa maelezo ya uongo na kunywa pombe, ndipo akasamehewa baada ya kelele za kimataifa. Umoja wa Falme za Kiarabu umebadilisha sheria zake tangu hapo. Baadhi ya nchi jirani hazijabadilisha. Usisaini maelezo yaliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma. Na lolote litakalotokea, aliyekosa ni aliyekushambulia.

Ukiamua kuondoka

Kuondoka ni haki yako, na hakufuti madai. Kabla ya siku ya mwisho kusanya hati za mshahara, barua ya utumishi, uthibitisho wa michango ya hifadhi ya jamii, na namba binafsi za mashahidi, kwa sababu za ofisini zitakufa. Dai malipo ya likizo na saa za ziada kwa maandishi. Kama shauri limekwisha kufunguliwa, mwachie wakili au chama cha wafanyakazi hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, na uliza kama mahakama hiyo inapokea ushahidi kwa njia ya video. Anwani utakayotumia kwa barua za kesi iwe ya barua pepe ambayo hutaibadilisha, na mjulishe karani wa mahakama kila unapohama.